Kabla ya Kuuza Shamba: Pa Kuanzia Unapotafuta Fedha za Kutibu Ugonjwa wa Kudumu

*Hotuba ya dawati la ustawi wa jamii kwa wagonjwa na walezi, siku ya kliniki ya magonjwa sugu*

Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba, na vijana mliosindikiza wagonjwa, habari za asubuhi. Kuhusu dawa mmeshaelezwa na madaktari, kuhusu chakula mmeshaelezwa na watu wa lishe. Sisi tumepewa lile swali mnaloulizana kwenye benchi mkisubiri kuitwa: hela itatoka wapi?

Familia nyingi hufika kwetu mwisho. Kwanza anauzwa mbuzi. Kisha inakopwa hela ya kikoba. Kisha linafunguliwa kundi la michango kwenye simu, ndugu wanatoa mwezi wa kwanza, wa pili wanapungua, wa tatu kundi limenyamaza. Kinafuata kipande cha shamba. Ndipo jirani wa wodini anauliza, "Kwani nyie hamkupita ustawi?" Hapo wamechelewa, kwa sababu msamaha na bima hupunguza bili inayokuja. Fedha uliyokwisha kulipa dirishani jana, hakuna barua ya kuirudisha. Shamba likishauzwa limeuzwa, na ugonjwa bado upo.

Maana ugonjwa wa kudumu si ajali ya pikipiki. Aliyevunjika mguu anachangiwa mara moja, anapona, yamekwisha. Mwenye kisukari, shinikizo la damu, selimundu, figo au saratani anahitaji fedha mwezi huu, na ujao, na wa mwakani. Kwa hiyo kabla hamjamwomba mtu yeyote, hata sisi, fanyeni hesabu ya mwaka mzima.

Tuchukue kisukari kinachotibiwa kwa insulini ya chupa. Chupa ya kawaida ina mililita 10, na kila mililita ina uniti 100, kwa hiyo chupa nzima ni uniti 1,000. Mgonjwa anachoma uniti 24 asubuhi na 16 jioni, jumla 40 kwa siku. Gawanya 1,000 kwa 40: chupa inamaliza siku 25. Kwa siku 365 ni chupa 14 na zaidi ya nusu, basi andika 15. Kuchoma mara mbili kwa siku ni sindano 730, kama kila moja inatumika mara moja inavyotakiwa. Akipima sukari mara tatu kwa wiki ni vipimio 156, vile vipande vya kuwekea tone la damu, na kama boksi lina 50, ni maboksi manne, la nne halitaisha. Ongeza nauli ya kliniki na vipimo vya figo na macho. Andika bei za famasi yenu pembeni, zidisha.

Hapa watu hukosea mahali pamoja. Anayechoma uniti 20 kwa siku hudhani atatumia nusu ya chupa hizo. Hapana. Chupa ikishafunguliwa ina muda wake, kwa kawaida wiki nne hadi sita kutegemea aina. Karatasi iliyomo ndani ya boksi inasema. Baada ya hapo nguvu inapungua hata kama dawa bado inaonekana. Kwa muda wa wiki nne, huyu wa uniti 20 anahitaji chupa 13 au 14 kwa mwaka, karibu sawa na mwenzake. Asipojua atabana chupa moja miezi miwili, sukari itapanda, atalazwa, na bili ya wodi itameza alichokiokoa. Na mashine ya kupimia, msiinunue kwa sababu tu mashine yenyewe ni ya bei nafuu. Ulizeni kwanza vipimio vyake vinauzwa wapi na kwa bei gani, maana mashine mnanunua mara moja, vipimio kila mwezi.

Mwenye figo naye ahesabu vivyo hivyo. Usafishaji damu mara tatu kwa wiki ni mara 156 kwa mwaka. Mara mbili ni 104. Saratani inayotibiwa kwa mionzi mara nyingi ni siku tano kwa wiki kwa wiki tano hadi saba, yaani safari 25 hadi 35. Mgonjwa aliyetoka Sumbawanga kwenda hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, anaweza kujikuta fedha nyingi inakwenda kwenye pa kulala na daladala, na hiyo haimo kwenye bili yoyote ya hospitali. Iandikeni.

Mkiwa na karatasi hiyo, sasa njooni ustawi.

Uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za Serikali mwaka 1993, mfumo wa misamaha uliwekwa sambamba nao. Una milango miwili, na watu huichanganya. Mlango wa kwanza ni wa makundi yaliyotajwa na sera: watoto chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, na wenye magonjwa sugu kama saratani, kisukari, moyo, pumu, selimundu, kifua kikuu, ukoma, UKIMWI na magonjwa ya akili. Mlango wa pili ni wa asiyejiweza kabisa, ambaye ugonjwa wake haumo kwenye orodha lakini hali yake inaonekana.

Tuwe wakweli: kuandikwa kwenye sera na kupita dirishani ni mambo mawili. Dawa za kifua kikuu, ukoma na VVU zinatolewa bure na hilo halina mjadala. Kwa mengine, kituo kinachojiendesha kwa makusanyo yake kitakuuliza uthibitisho wa hali yako, hata kama ugonjwa umetajwa. Msigombane na mhasibu, yeye hana mamlaka ya kusamehe. Mwenye kazi hiyo ni afisa ustawi wa jamii, na kila hospitali ya wilaya, ya mkoa na ya rufaa inatakiwa kuwa naye. Mwuguzi wa mapokezi atakuonyesha chumba. Nendeni siku ya kwanza, faili likifunguliwa, au siku ya kulazwa. Msisubiri asubuhi ya kuruhusiwa, mgonjwa amekwisha kuvaa viatu na bili imekwisha kufungwa.

Beba vitu vinne: kadi ya kliniki au barua ya daktari yenye jina la ugonjwa, kitambulisho cha taifa cha NIDA au namba yake, ile hesabu ya mwaka, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa.

Hii barua ndiyo inayoangusha wengi. Barua nyingi tunazoletewa zinasema, "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe." Haisaidii kitu. Hata tajiri ni mkazi. Mwombeni mtendaji aandike hivi:

*"Nathibitisha kuwa [majina matatu kama yalivyo NIDA], mwenye umri wa miaka …, ni mkazi wa kitongoji cha … tangu mwaka …. Anaishi na wategemezi …, wakiwemo watoto … wanaosoma. Kipato chake ni kibarua cha shamba, siku … kwa wiki, kwa wastani wa Shilingi … kwa siku. Hana bima ya afya. Kaya yake ipo / haipo kwenye orodha ya walengwa wa TASAF. Anaugua … tangu mwaka … na anatibiwa katika kituo cha …. Kwa tunavyomfahamu hana uwezo wa kulipia matibabu haya."*

TASAF ni ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini. Chini ya barua liwepo jina la mtendaji, sahihi, namba ya simu, tarehe na mhuri. Simu ni muhimu, maana tunapiga. Mjumbe au mwenyekiti wa kitongoji anayeifahamu nyumba yenu akiweka sahihi yake pia, barua inakuwa nzito zaidi.

Zinarudishwa kwa sababu ndogo ndogo. Mhuri haupo. Tarehe ni ya mwaka juzi. NIDA inasema Mwajuma Saidi Ally, kadi ya kliniki inasema Mama Rashidi. Hapo afisa hana namna ya kujua kama ni mtu mmoja, kwa hiyo rekebisheni jina kwenye kadi mapema. Kosa lingine ni la mgonjwa aliyeletwa mjini kwa mwanawe, akapewa barua na mtendaji wa mtaa wa mwanawe ambaye hamjui kabisa. Barua itoke kule anakoishi. Akiwa amekwisha safiri, ndugu aliyebaki aifuate, aipige picha aitume tuanze nayo kazi, na yenyewe ifuate kwa basi.

Kwenye mahojiano mtaulizwa mnaishi na nani, nyumba imeezekwa kwa nini, mna ng'ombe wangapi, nani yuko mjini na anafanya kazi gani. Wengine huona ni kuvuliwa nguo. Mficha uchi hazai. Msimfiche yule mtoto aliye mjini, maana ndiye atakayekuja wodini kesho na gari lake, na afisa atauliza ni nani. Mwenye watoto sita mjini waliomtelekeza aseme hivyo. Hilo nalo linaandikwa. Uamuzi unaweza kuwa msamaha wote, nusu, au kulipa kidogo kidogo. Mkipewa kulipa kidogo kidogo, tajeni kiasi mnachokiweza kweli. Anayeahidi Shilingi 50,000 kwa mwezi kwa aibu na kukwama mwezi wa pili anaharibu mazungumzo yake ya mara ijayo. Aliyesema 10,000 akailipa, tunamwamini.

Muulizeni afisa maswali mawili kabla ya kutoka: msamaha huu ni wa safari hii tu au wa kipindi fulani, na unahusu nini? Mara nyingi ni wa safari moja. Na mara nyingi unahusu kumwona daktari, kitanda na vipimo vya hapo hospitali. Dawa isipokuwepo stoo, msamaha hauwezi kuileta. Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na ni la haki: mtu amesamehewa kwenye karatasi, kisha anapewa cheti akanunue nje. Likitokea, mwombeni mfamasia aandike kwenye cheti kuwa dawa haipo, agonge mhuri, mrudi na cheti hicho ustawi. Pengine kuna dawa nyingine ya kundi hilo ambayo ipo, na daktari akakubali kubadilisha. Pengine kituo cha jirani kinayo. Na mnaponunua, mwombeni daktari aandike jina la dawa yenyewe badala ya jina la kibiashara. Metformin ya kisukari ni metformin. Boksi lenye jina zuri linaweza kuwa na bei mara kadhaa ya lile la kawaida, dawa ni ile ile.

Wazee wa miaka 60 wasiojiweza, halmashauri hutoa kadi za matibabu. Orodha huanzia kijijini. Kama jina lako halimo, mkutano wa kijiji ndio mahali pa kulisema. Dirisha la wazee hospitalini haliwezi kuliingiza.

Sasa bima. Aliyeajiriwa na kuchangia NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hukatwa asilimia 3 ya mshahara, na mwajiri huongeza 3. Kadi hiyo inabeba hadi watu sita: mwanachama, mwenza na wategemezi wanne. Tunashangaa kila wiki: kijana ana ajira na kadi, mama yake mzazi ana shinikizo la damu, na nafasi mbili za wategemezi ziko wazi. Mwandikisheni mama. Na dawa ikikosekana hospitali, mwanachama asikimbilie kulipa mfukoni. Aulizie fomu 2C, ile ya kuchukulia dawa kwenye famasi iliyosajiliwa na Mfuko. Ukilipa mwenyewe usitegemee kurudishiwa.

Kwa waliojiajiri, wakulima na wavuvi, wengi mliizoea bima ya jamii, CHF iliyoboreshwa, iliyokuwa Shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, ikifika hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na kifurushi cha kaya ambacho Serikali ilikitangaza ni Shilingi 150,000 kwa mwaka kwa watu wasiozidi sita. Kwa nyumba yenye mgonjwa mmoja wa kudumu, linganisheni kiasi hicho na ile hesabu yenu ya mwaka kabla ya kusema ni kikubwa. Lakini kabla ya kulipa bima yoyote, ya Serikali au ya kampuni, ulizeni mambo haya na mjibiwe kwa maandishi: ugonjwa nilio nao tayari unahudumiwa? Kuna muda wa kusubiri, na ni siku ngapi? Dawa zangu hizi, moja moja kwa majina, zimo? Kuna kikomo cha fedha kwa mwaka? Kadi ikipita tarehe bila kulipwa, nikirudi naanza upya kusubiri? Anayeacha kadi ife mwezi aliojisikia nafuu ndiye tunayemwona analia mapokezi mwezi unaofuata.

Bima na msamaha vyote viwili hupenda ngazi: zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, taifa. Ukiruka kutoka nyumbani moja kwa moja hadi Muhimbili bila barua ya rufaa, tayarisha mfuko wako mwenyewe. Rufaa ibebe majibu ya vipimo, na picha za vipimo mzichukue wenyewe, la sivyo vinarudiwa na vinalipiwa upya.

Yapo magonjwa yenye mlango wake wa pembeni, na watu hawaujui. Watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza wana mpango wa insulini na vifaa vya bure, Changing Diabetes in Children, ulioanza mwaka 2009 na Tanzania imo; ulizeni kliniki ya watoto au Chama cha Kisukari. Watoto wenye saratani Muhimbili wanasaidiwa na Tumaini la Maisha, matibabu pamoja na mahali pa kukaa mtoto na mlezi. Saratani ya damu ile inayoitwa CML ina dawa ya imatinib inayotolewa bure kupitia The Max Foundation, lakini mgonjwa haombi mwenyewe. Daktari bingwa ndiye anayemsajili, na lazima kipimo cha vinasaba kithibitishe kwanza. Swali la kumuuliza daktari ni fupi: "Kwa ugonjwa huu hasa, kuna mpango wowote wa dawa?" Muulizeni kila mwaka, maana mipango inakuja na kuondoka.

Walioajiriwa wasisahau haki ya mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili na 63 kwa nusu mshahara, ukiwa na cheti cha daktari. Wengi huacha kazi kwa sababu ya kuumwa, kisha wanakuja kuuliza. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla ya kuhesabu siku hizo. Kama ugonjwa umetokana na kazi yenyewe, vumbi la mgodini kwa mfano, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, na matibabu yake hayatakiwi kutoka mfukoni mwako. Asiyeweza tena kufanya kazi na alikuwa akichangia mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, aulizie pensheni ya ulemavu.

Michango tumeiweka huku nyuma kwa makusudi. Si mibaya, ila ni ya pengo linalobaki baada ya msamaha na bima, na huenda vizuri pengo likiwa na namba. "Mgonjwa ana hali mbaya, tuchangie" huleta fedha mara moja. "Tumesamehewa kitanda na vipimo, pengo ni chupa 15 za insulini, tunatafuta watu 15 wa chupa moja moja kwa mwaka" huleta watu wa kudumu. Kwa bili kubwa, ombeni hospitali makadirio yenye mhuri na namba ya malipo ya Serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99, ili mchangiaji alipe hospitali moja kwa moja. Mwambieni mhasibu aitoe ile inayokubali kulipwa kidogo kidogo; nyingine zimefungwa kwenye kiasi kamili, mtu akituma Shilingi 20,000 inakataa, naye hajaribu tena. Na muulizeni itakwisha muda lini.

Mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa, hapana. Mnayajua masharti yake kuliko sisi. Zile za kwenye simu zinazosambaza picha yako kwa ndugu ukichelewa, Benki Kuu ilitangaza programu 69 zisizo na leseni Novemba 2024. Na yeyote anayewaambia atawapatia msamaha kwa Shilingi 30,000 anawaibia. Msamaha hauna ada, wala fomu yake haiuzwi.

Muda umekwisha na foleni ya vipimo imeanza kuitwa. Tuko chumba cha tatu, mlango wa bluu, hadi saa tisa. Wenye kadi na NIDA waingie kwanza tuwafungulie faili leo. Waliokuja na barua isiyo na mhuri, mtendaji wa mtaa huu yuko pale chini ya mwembe na mhuri wake mfukoni, ila ni kwa wakazi wa hapa tu; wengine tutawaandikia mfano wa ile barua mwende nao nyumbani. Mzee wa kanzu pale nyuma, wewe njoo sasa hivi, usisimame foleni.